Siku tatu na Mzee kwenye milima ya Colorado: pizza ya asali, maharage ya Leadville na bia iliyomrudisha Marangu

Mzee wangu alikuja kututembelea mwezi wa nane kutoka Marangu, Kilimanjaro, wiki sita nzima, na wiki mbili za kwanza kazi yake ilikuwa moja, akishasali na kunywa chai anavuta kiti mpaka dirishani hapa kwetu Aurora, pembeni ya Denver, anaangalia milima. Kutwa nzima. Siku moja nikamuuliza Baba unawaza nini, akasema, "Nawaza watu wa kule juu wanakula nini. Na pombe yao wanapika na nini."

Swali hilo lilinikaa sana manake mimi nina miaka 11 hapa na ile barabara ya I-70 inayopanda milimani nimeipita sijui mara ngapi, lakini siku zote napita tu, petroli, kahawa, twende. Sikuwahi kuuliza watu wa kule juu wanakula nini. Mzee yeye alikuwa mpagazi Kilimanjaro kwa miaka mingi, wale tunaowaita wagumu, amelala Mandara na Horombo, zile kambi za njiani, mara nyingi kuliko alivyolala hotelini, na kwetu pia mama yangu alikuwa anapika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya kuuza kwa hiyo yule mtu anajua mlima na anajua pombe. Nikamwambia mke wangu tuombe ruhusa kazini siku tatu tumpeleke, tule vya huko na tuonje vya huko, tusibebe chakula cha nyumbani hata kidogo. Tukakubaliana kitu kimoja kabla hatujawasha gari, anayeshika usukani haonji. Haonji kabisa, siyo kidogo. Colorado kiwango cha kuitwa umeendesha umelewa ni kilevi cha asilimia 0.08 kwenye damu lakini kuanzia 0.05 tu wanaweza kukushitaki, na kule kona ni kali na mabonde ni marefu, sheria au si sheria mimi sitaki.

Tulianzia Denver mjini, Wynkoop, baa inayopika bia yake yenyewe, iko mkabala na stesheni ya treni ya Union Station kwenye jengo la matofali la zamani. Hapa nilitaka Mzee aone mahali ambapo mambo ya bia za kienyeji yalichukua nguvu katika mji huu, ilifunguliwa 1988 na akina John Hickenlooper, jamaa alikuwa mjiolojia akapunguzwa kazi kwenye kampuni ya mafuta, akaamua na wenzake wapike bia kwenye mtaa uliokuwa umechakaa. Baadaye akawa meya wa Denver, halafu gavana, halafu seneta. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho akasema, "Kwetu pombe wanapika akina mama. Basi mama yako naye tungemchagua." Na hakuwa anatania, alisema kwa heshima kabisa ya marehemu.

Pale ndo akaanza maswali yake ya kitaalamu. Mnatumia nafaka gani? Mhudumu akasema shayiri, wanaiotesha kidogo kisha wanaikausha. Mzee akageuka kwangu, "Kimea." Ndiyo Baba, kimea. Sisi tunaotesha ulezi, tunakausha, tunasaga, tunapika uji wake tunachanganya na maji ya ndizi mbivu zilizochemshwa zikalala. "Na uchungu wanatoa wapi, msesewe wanao?" Kwa wasiojua, msesewe ni mti, gamba lake ndo linaipa mbege ule uchungu wa nyuma ya ulimi, bila msesewe unakunywa juisi. Nikamwambia hapa msesewe wao unaitwa hopsi, ni maua madogo ya kijani ya mmea unaotambaa. Mhudumu alikuwa mtu wa watu kweli, akaenda nyuma akaleta hopsi zilizokaushwa na kusindikwa kama vidonge vya chakula cha kuku, akammiminia Mzee kiganjani. Mzee akavisugua vikavunjika, akanusa, akakaa navyo muda mrefu, mwisho akavifunga kwenye leso akaweka mfuko wa shati. Vilikaa humo safari nzima, gari lote lilinukia.

Golden hatukukaa sana. Kiwanda cha bia cha Coors kipo pale tangu 1873, ni kikubwa mno, linganisha na kijiji kizima. Nilichomhadithia Mzee akakipenda ni kwamba Colorado walipiga marufuku pombe mwaka 1916, miaka kadhaa kabla ya nchi nzima, na Coors wakaishi kwa kutengeneza maziwa ya kimea na vyombo vya kauri mpaka marufuku ilipoisha 1933.

Idaho Springs ndo tulikula kwanza. Ni mji mdogo umebanwa kwenye bonde, dhahabu ilipatikana pale 1859 na bado ukitazama juu unaona matobo ya migodi ya zamani na vifusi vyake vya njano. Tukaingia Beau Jo's, wapo hapo tangu 1973, pizza yao ndo wanayoiita pizza ya Colorado. Sasa sikiliza, mimi pizza si mtu wake lakini hii ni habari nyingine. Inauzwa kwa uzito, unaagiza ya ratili moja au mbili au zaidi, na pembeni ule mkate umekunjwa umesokotwa mnene kama ukingo wa mkeka, unajaa mkono. Mezani kuna chupa ya asali. Unakula katikati kwanza, jibini na nyama na mchuzi wa nyanya, ukifika kwenye ukingo unaumiminia asali unakula kama kitindamlo. Mzee alidhani asali ni ya chai. Mke wangu akamwonyesha, akachovya, akatafuna polepole, akasema huu mkate una asali hata ndani, na kweli wanaweka asali kwenye unga. Halafu akaacha kabisa ile pizza akawa anakula kingo za kila mtu, tulimkatia zote tatu. Nimeelewa pale kwanini chakula hiki kilizaliwa milimani, mtu ametoka mgodini au kwenye theluji anataka kitu kizito, na unga ndo huo.

Jambo moja liliniuma mji huohuo na naliandika ili liwasaidie wengine. Baa moja tuliyoingia walikataa kumhudumia Mzee kwa sababu hakuwa na pasipoti, alikuwa na kitambulisho chake cha taifa cha Tanzania, cha NIDA, tu. Mtu ana mvi kichwa kizima, miaka 74, anaambiwa athibitishe kama amefikisha 21. Najua wana sheria zao na wengine wanadai kitambulisho kwa kila anayeingia, lakini namna kijana yule alivyoongea, hakumtazama Mzee hata usoni, ilinikata. Mzee ndo akanishika bega akasema tuondoke mwanangu, pombe ya mtu asiyekusalimia hainyweki. Pasipoti ilikuwa kwenye begi ndani ya gari, tukaichukua, na kuanzia hapo aliibeba mfukoni pamoja na zile hopsi. Kwa hiyo ukija na mzazi huku, pasipoti itembee naye, usiiache.

Mlango wa pili tu, mambo tofauti. Tommyknocker, kiwanda cha bia, wapo tangu 1994, wana bia ya kahawia yenye ladha ya shira ya mti wa mepo (maple), na wana soda yao wenyewe ya mizizi, ruti bia, ambayo haina kilevi, kwa hiyo mke wangu siku hiyo ya usukani naye alionja kitu kilichopikwa palepale. Jina la kiwanda linatokana na imani ya wachimbaji waliotoka Cornwall Uingereza, kwamba kuna vijitu vidogo vinaishi mgodini vinagonga ukuta kuwaonya kabla haujaporomoka. Mzee hakucheka. Alisema mlima wowote una wenyewe, na hata kule kwetu kuna mahali wagumu wanapita kimya.

Baada ya hapo ni kupanda tu. Handaki la Eisenhower liko mita 3,401 juu ya usawa wa bahari, urefu wake kama kilomita 2.7, na tulipotokea upande wa pili Mzee akauliza tuko mita ngapi, nikamwambia, akasema, "Mandara tumeshaipita, Horombo bado." Kwa muda wote uliobaki alikuwa anapima hivyo. Mandara ni 2,720, Horombo 3,720. Tulipofika Leadville, ambako ni kama mita 3,100, akatangaza kwamba tumelala katikati ya njia na kila mtu anywe maji lita moja kabla ya kitu kingine chochote. Pole pole, maji, ule hata kama huna hamu. Tukatii. Na nawaambieni wenzangu mnaopanda huko moja kwa moja kutoka chini halafu mnakwenda baa, msifanye hivyo, glasi moja ya kule inakupanda haraka na kichwa kinagonga usiku kucha.

Leadville ndo nilipoipenda safari hii. Mtaa mkuu ni Harrison Avenue, majengo ya matofali ya enzi za fedha, mji ulilipuka mwishoni mwa miaka ya 1870 walipogundua madini ya fedha, kuna baa inaitwa Silver Dollar Saloon iko tangu 1879. Nyuma ya mji unaona Mount Elbert na Mount Massive, na mwezi wa nane jioni tayari baridi ya koti. Tukaingia mgahawa mdogo wa chakula cha Kimeksiko, mama wa makamo yuko jikoni na binti yake anahudumia. Tukaagiza burito zilizomwagiwa mchuzi wa pilipili za kijani, hiki ndo chakula cha Colorado ukiniuliza mimi, siyo steki. Pilipili ndefu za kijani zinachomwa kwenye moto mpaka ganda linababuka jeusi, zinamenywa, zinapikwa na vipande vya kitimoto mpaka mchuzi unakuwa mzito. Ukali wake hauchomi mdomo kama pilipili kichaa, unapasha kifua.

Pembeni kulikuwa na maharage. Mzee akachukua kijiko kimoja, akaweka kijiko chini, akamwita binti. Nikaogopa labda kuna kitu. Akasema niulizie, haya maharage yameivaje?

Inabidi nieleze. Mlimani maharage hayaivi. Hewa ikiwa nyepesi maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, kwa urefu wa Leadville yanachemka kwenye nyuzi kama 90 badala ya 100, unaweza kuona sufuria linatokota kwa fujo na ndani maharage ni mawe. Mzee anasema siku zake walikuwa wanapanda na maharage yaliyopikwa chini, ukibeba mabichi mpaka Horombo mafuta ya taa yataisha na utalala njaa. Na haya ya hapa yalikuwa laini kama mboga ya watoto, yamekolea, ganda halijapasuka. Binti akaenda kumwita mama yake. Mama akatoka anafuta mikono, nikawa mkalimani, Mzee anasema Kiswahili mimi naweka Kiingereza, binti anaweka Kihispania kwa mama yake. Jibu lilikuwa loweka usiku kucha halafu sufuria la presha. Akaturuhusu tuchungulie mlangoni tukaliona, chuma kikubwa kimechakaa, kifuniko kina komeo nne za kuzungusha, limekuwa jeusi chini. Akamwonyesha Mzee kwa vidole, dakika ngapi chini kule, dakika ngapi hapa juu. Wale wawili walielewana bila sisi. Kuna kitu kilinishika kooni pale, sijui nieleze vipi.

Jioni tukapita Periodic Brewing, kiwanda kidogo hapohapo mjini, moja ya bia zinazopikwa juu sana duniani. Tukaagiza trei ya vionjo, vile viglasi vidogo vinavyopangwa kwenye ubao. Nikakumbuka maharage nikamuuliza jamaa wa kaunta, maji yakichemka kwenye 90 bia inapikwaje? Akafurahi sana kuulizwa. Akasema uchungu wa hopsi unatoka kwa joto, na joto likipungua uchungu unatoka mchache, kwa hiyo inabidi uongeze hopsi au uchemshe muda mrefu zaidi. Nikamtafsiria Mzee. Akatikisa kichwa kwa kuridhika kabisa, kama fundi aliyesikia fundi mwenzake, akasema ndo maana mbege ya juu kule migombani kwetu na ya wale wa tambarare haziwezi kufanana hata wakitumia msesewe uleule. Kama ni kweli kisayansi hilo la mbege mimi siwezi kubishana na mtu aliyeinywa miaka 50.

Siku ya pili tukashuka kwa Tennessee Pass, tukaunga I-70, tukapita Glenwood Canyon, mto Colorado uko chini na kuta za mawe pande zote mbili, barabara imepachikwa ubavuni. Sisemi mengi, picha zipo. Lengo langu Glenwood Springs lilikuwa Casey Brewing and Blending. Hawa wanafanya bia chachu, wanailaza kwenye mapipa ya mwaloni pamoja na matunda ya Colorado, na wanatumia chachu za porini na bakteria wale wanaogandisha maziwa ya mtindi. Siku hiyo usukani ulikuwa wangu, kwa hiyo nilikuwa nachungulia tu, mke wangu na Mzee ndo wanaonja.

Ikaja moja ya pichi. Rangi ya machungwa iliyofifia, ina ukungu ndani, haijachujwa ikang'aa kama bia za chupa za dukani. Mzee akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akanusa. Akanywa kidogo, akaishikilia mdomoni, na nikamwona anafumba macho. Hakusema kitu. Mke wangu akanitazama. Akanywa tena. Halafu akasema taratibu kabisa, "Hii ni ya mama yako."

Nikanusa ile glasi. Ni kweli. Siyo ladha, manake sikuonja, ni harufu, ule uchachu wa tunda lililoiva mpaka mwisho na kitu kama unga uliolowana, harufu ya stoo yetu Ijumaa jioni mama akishachuja, kabla hajaleta kata ya kunywea na kuonja yeye wa kwanza mbele ya wageni ndo amkabidhi mkubwa wao. Nilikuwa sijaisikia miaka 11. Mama alifariki 2019 na sikuweza kuwahi mazishi kwa sababu ya makaratasi.

Tulikaa pale muda mrefu kuliko tulivyopanga. Mzee aliuliza imelala siku ngapi, mhudumu akasema siyo siku, ni miezi. Akastaajabu sana kwa sababu mbege ukiipeleka siku ya tatu inakuwa siki, na nikamweleza mapipa yanafanya nini na zile bakteria zinafanya nini na baridi inasaidiaje. Akanunua chupa moja kwa hela yake mwenyewe, alikataa nisilipe.

Siku ya tatu Palisade, na hapa tumeshuka mpaka kama mita 1,400, joto, mashamba ya pichi pande zote chini ya majabali ya Book Cliffs ambayo hayana hata jani. Unajiuliza matunda yanatokea wapi kwenye jangwa lile. Jibu ni mifereji. Maji ya mto Colorado yanageuzwa kwenye bwawa lililokamilika 1916 kule juu kwenye korongo, yanaingia mfereji mkubwa, unagawanyika midogo, mpaka kwenye mstari wa miti. Mzee alipoona mfereji wa kwanza pembeni ya barabara akasema simamisha gari. Akashuka akatembea kwenye kingo, mikono nyuma, anaangalia maji yanakotoka. Mfongo. Ndo jina tunaloita kwetu, Wachagga wamechimba mifongo kutoka mlimani vizazi na vizazi, na kila mfongo una ukoo wake na siku zake za zamu. Akakuta geti dogo la chuma la kufungulia maji shambani, akaligusa, akauliza hapa zamu anapanga nani. Mwenye kibanda cha matunda akatueleza kwamba wana kampuni za maji, una hisa zako, unafunguliwa kwa kiasi chako, na watu huwa wanagombana kweli kiangazi kikiwa kikali. "Sawasawa," Mzee akasema, "sawasawa na kwetu."

Pichi za pale usikate kwa kisu. Unashika kwa mikono miwili unainama mbele miguu umepanua maji yasikumwagikie viatu. Yule mwenye kibanda alituchagulia zilizoiva siku hiyohiyo, bado zina joto la jua, manyoya yake laini yanawasha midomo kidogo halafu ndani ni sukari tupu na uchachu karibu na kokwa. Mzee alikula nne amesimama juu ya mfongo. Akanawa kwenye maji yanayopita, akatoa simu akanipa nimpige picha, ila mimi nisitokee sana, mfereji ndo utokee.

Usiku hotelini alimrekodia jirani yake ujumbe wa sauti wa dakika nane. Nilisikia yote kwa sababu anaongea na simu kwa kupiga kelele. Hakutaja Denver, hakutaja maghorofa. Alianza na maharage ya Leadville na dakika zake za kwenye presha, akaja kwenye mfongo na geti la chuma, akasema wanauziana zamu kwa hisa na hilo inabidi tulijadili kwenye kikao. Mwishoni akasema ana chupa moja anaileta, isifunguliwe mpaka afike, na kata ya mama iko wapi, mtu aitafute, iko juu ya kabati la jikoni upande wa kushoto.